Askofu Kataliko, na jina tunalojiita wenyewe



Katika kila toleo tunaleta maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia. Mara hii tulikuwa tumepanga mtu mwingine kabisa, lakini mkutano wetu wa Beni ulitugeuza mawazo. Siku ile tulikuwa tunatafuta wa kushika sanduku la likelemba. Watu wengi walimtaja mama mmoja, mwenzetu aliyerudi shambani kwake upande wa Oicha baada ya miaka ya kuhangaika huku na kule. Wote tunamjua. Anauza sombe na mafuta ya mawese, anakopesha watu kumi kwa siku moja, hana daftari wala kalamu, na jioni hesabu yake haipotei hata franka. Akakataa. Nafasi anayo, haikuwa shida ya nafasi. Alitueleza kwamba yeye ni mdeplase tu, mtu aliyelala kwenye darasa la watu na kula chakula cha kupewa, na mtu wa kupewa hawezi kushika cha wenzake.

Tena lililotuuma zaidi si jibu lake. Ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeshangaa. Wengine waliitikia kwa kichwa, kama amesema jambo linalojulikana.

Toka Beni mpaka Butembo ni kilometa 50 na kidogo, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo tulipata muda mrefu wa kuzungumza ndani ya gari. Njo pale jina la Askofu Emmanuel Kataliko lilipotoka. Vijana wetu wanalijua jina, lakini tuligundua kwamba wengi hawajui jambo moja: kwamba mzee yule naye alifukuzwa, akakaa mbali na watu wake miezi 7, kisha akarudi. Ni mmoja wetu. Na akiwa ndani ya hali ileile yetu, hakujiita jina ambalo sisi tunajiita kila siku.

Alizaliwa mwaka 1932, hapa kwetu, upande wa Butembo. Ilikuwa bado wakati wa Wabelgiji, na wakati ule ulikuwa wakati wa kupimwa. Mtu mweusi alihesabiwa mshenzi mpaka athibitishe kwamba siye. Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni ilianza kutoa kadi ya sifa kwa Wakongomani ilioona wameendelea, na mwaka 1952 ikaongeza kadi nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ili kuipata, mtu alikubali wageni waingie nyumbani kwake wakague: vitanda vikoje, jikoni kukoje, anakula na nini, anaishi namna gani na mke wake. Waliopewa ile kadi ya pili walikuwa wachache sana katika nchi nzima. Wengine wote, maana yake mamilioni, walibaki upande wa wasiofaa.

Wabelgiji waliondoka mwaka 1960. Neno lao halikuondoka. Nenda hata leo kwenye foleni ya maji, kanyaga mtu mguu, usikie atakachokuita. Wa mjini anamwita hivyo wa kijijini, mume anamwita mke, mzazi anamwita mtoto wake mwenyewe aliyemwaga maziwa. Tulifundishwa kujitazama kwa jicho la mtu mwingine, na mwalimu alipokwenda zake tukaendelea na somo peke yetu, bila mshahara. Tunaandika hivi ili ijulikane kwamba tabia hii ya kujidharau hatukuzaliwa nayo. Ilikuja na barabara fulani, na watu fulani, kwa miaka inayohesabika.

Kijana Kataliko alipita katika dunia hiyo. Alipata upadri mwaka 1958, akasoma Roma mambo ya dini na mambo ya jamii, na mwaka 1966, akiwa hata hajafika miaka 35, akafanywa askofu wa jimbo letu. Kabla yake alikuwa Mgr Henri Piérard, mmisionari wa Shirika la Waasumpsionisti. Kataliko ndiye mwana wa nchi wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Wazee wetu wanasema kwamba jambo hilo peke yake lilikuwa somo kubwa kuliko mahubiri mengi: mtoto wa Kinande, anayesema lugha ya mama zao, ameshika fimbo ya askofu.

Jimbo alilopewa lilikuwa limechoka. Uasi wa 1964 ulikuwa umepita miaka 2 tu nyuma. Kisha zikaja enzi za Mobutu, na miaka ilivyoendelea Serikali ikawa kama baba aliyeenda safari asirudi. Kivu ya Kaskazini iko mbali na Kinshasa, na sisi wa Beni na Lubero tuko mbali na hata Goma. Barabara zikawa potopoto. Lori la maharagi liliweza kulala njiani juma zima.

Hapo watu wakajigawa sehemu mbili, kama tunavyojigawa leo. Kuna waliosema kwamba nchi hii imelaaniwa na mtu mweusi hajui kujitengenezea. Na kuna waliochukua jembe. Askofu Kataliko alikaa na wa pili kwa miaka zaidi ya 30. Hakuwa mtu wa kungojea Kinshasa. Kanisa, wafanyabiashara wa Butembo, na watu wa kawaida wasio na kitu isipokuwa mikono, wakachangiana: huyu analeta mafuta ya mashine, huyu siku mbili za kazi, huyu gunia la chakula cha wafanyakazi. Barabara zikafunguliwa, shule zikajengwa, na vituo vya afya pia. Hatusemi ilikuwa rahisi ama kwamba kila mtu alitoa kwa moyo mweupe. Tunasema tu kwamba barabara zile zilionekana kwa macho, na mtu aliyeshika jembe juu yake ilikuwa vigumu kumwambia kwamba hawezi kitu.

Sisi tunaamini kwamba hapo ndipo siri yake ilipo. Kumwambia mtu aliyevunjika moyo kwamba yeye ni wa thamani, hiyo haiingii. Anasikia, anasema asante, anarudi kulala na mawazo yaleyale. Lakini mpe kipande cha barabara ya meta kumi, na jioni umwonyeshe. Kesho asubuhi ile sauti inayomwambia kwamba ni mtu wa bure itakuta ushahidi mwingine unaingoja.

Kazi inayojulikana kuliko zote ni Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanza mwaka 1989 mjini Butembo. Msomaji wa mbali anaweza kupita haraka juu ya sentensi hiyo, kwa hiyo tunaomba asimame kidogo. Kabla ya hapo, mtoto wa Butembo aliyetaka kusoma chuo kikuu alikwenda Kisangani, Lubumbashi ama Kinshasa. Wazazi waliuza ng'ombe, mtoto akapotea miaka, wengine hawakurudi. Mji wenyewe ulikuwa mji wa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, bila umeme wa Serikali. Na ndani ya mji huo mtu akasema tutafungua chuo kikuu. Jina lenyewe, Graben, ni jina la lile bonde kubwa la ufa tunaloishi ukingoni mwake.  Leo waganga, wanasheria, mabwana shamba na waganga wa mifugo wanatoka pale, na kati ya watoto wa wanachama wetu wako wanaosoma pale.

Hapa tunapenda kusema jambo litakaloudhi baadhi yetu. Tunapotaja kazi hizi kwenye mikutano, kuna wenzetu wanaopumua na kusema kwamba Kataliko alikuwa Kataliko, na sisi ni nani. Wanafikiri wanamsifu. Kumbe wamechukua maisha ya mtu aliyetumia miaka 30 kuwaonyesha watu nguvu zao, wakayageuza kuwa dalili nyingine ya udhaifu wao. Tabia hii ya kujishusha ni mjanja. Inaweza kuvaa hata nguo ya heshima.

Mwaka 1997 alihamishwa, akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Hakikuwa kiti cha kutamani. Aliyekuwa nacho kabla yake, Mgr Christophe Munzihirwa, alikuwa ameuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Kataliko alikuwa anakaribia miaka 65, umri ambao mzee wa kwetu anakaa kwenye baraza, analetewa kasiksi na wajukuu. Akafunga mizigo. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na Bukavu ikawa chini ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda.

Kwa Noeli ya mwaka 1999 aliandika barua kwa wakristo wake. Ilikuwa barua ya kuwafariji, na ndani yake alisema wazi mambo yaliyokuwa yananong'onwa: kwamba wageni, pamoja na ndugu Wakongomani waliokubali kushirikiana nao, wanafanya vita kwa kutumia mali ya nchi hii hii, na kwamba watu wanaporwa. Wengi wanaikumbuka barua kwa ajili ya ushujaa huo. Sisi tunaikumbuka pia kwa jambo jingine: hakulisamehe hata Kanisa lake. Alikiri kwamba ndani yake pia kuna waliovutwa na uchafu ule.

Mtu anaweza kuuliza, je, huko si kujisema vibaya? Hapana, na tofauti hii tungependa kila mwanachama aishike vizuri, sababu wengi wetu tunaichanganya. Kusema nilikosea siku fulani, katika jambo fulani, ni kutaja kosa lenye mlango: unaweza kuingia ukalitengeneza. Kusema mimi ni mtu wa kukosea hakuna mlango wala dirisha. Kataliko alitaja makosa, ya wengine na ya nyumbani kwake, kama fundi anayetaja mahali nyumba inapovuja. Hakusema kamwe kwamba nyumba ni takataka. Na aliwaita watu wale wale, walioporwa na kutishwa, wasimame kwa miguu yao bila silaha.

Jibu lilikuja haraka. Tarehe 12 Februari 2000 wakubwa wa RCD walimfukuza kwenye jimbo lake, akaletwa Butembo.

Kufukuzwa kwenda kwenu ni adhabu ya ajabu. Pengine waliofanya hivyo walifikiri wamepata dawa: akae na ndugu zake, anyamaze, watu wa Bukavu wamsahau. Wanachama wetu wanaelewa hali hiyo kuliko mtu yeyote. Uko kwenu, lakini siyo kwenu uliyoiacha. Kiti chake cha zamani cha Butembo kilikuwa na askofu mwingine tangu 1998. Kiti chake cha Bukavu kilikuwa kimefungiwa mlango. Mtu wa miaka 67, katikati ya nyumba mbili, hana hata moja ya kuongoza kwa mikono yake. Ndivyo tulivyo sisi tunaporudi Mbau, Eringeti, Kamango: unafika, shamba la kakao limekuwa pori, mti wa mpaka umekatwa, jirani mpya hajui jina la baba yako. Na ile sauti inaanza.

Sisi hatutaki kumtia mzee mawazo kichwani. Tunatazama matendo yake tu. Hakuifuta barua yake. Hakuomba radhi kwa kuwa yeye. Toka Butembo aliendelea kuwaandikia wakristo wa Bukavu kama askofu wao, kwa sababu alikuwa askofu wao. Kufukuzwa lilikuwa jambo lililompata, halikuwa kazi yake mpya wala jina lake jipya. Nao Bukavu hawakumwacha. Misa zilisimamishwa kwa muda, shule zikafungwa, watu wakadai mzee wao arudishwe. Kelele zikafika mbali, mpaka Roma.

Tarehe 14 Septemba 2000 akarudi Bukavu. Aliyeona siku ile anaweza kuieleza vizuri kuliko sisi: watu barabarani, matawi, nyimbo, machozi. Miezi 7 na siku 2.

Na baada ya siku 20 tu, tarehe 4 Oktoba 2000, akafa Roma, alikokwenda kwa mkutano. Moyo ulisimama. Maneno mengi yalizunguka mtaani juu ya kifo kile na yanazunguka mpaka leo. Gazeti letu halitayaongeza. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2001, mamia ya wageni kutoka Ulaya, wengi wao Waitalia, walikuja mpaka Butembo kwa mkutano wa amani ambao yeye alikuwa ameutamani. Mji wetu uliokuwa kati ya vita ukapokea wageni, ukawalaza, ukawalisha. Mama zetu waliopika siku zile bado wanaisimulia hesabu ya masufuria.

Sasa turudi kwenye mkutano wa Beni, na hapa tunasema na wanachama pamoja na marafiki wafadhili, sababu jambo hili linatuhusu wote.

Baada ya safari ile tulichukua fishi yetu ya kuandikisha familia zinazorudi, tukaisoma kwa sauti. Tuliona aibu. Ina maswali mengi: nyumba ilichomwa? Mifugo iliibiwa? Nani aliuawa? Umelala wapi? Unakosa nini? Hakuna hata swali moja linalouliza mtu anajua nini ama anaweza nini. Na tunajua kwa nini tuliiandika hivyo. Miaka yote hii, katika orodha za msaada, anayejionyesha dhaifu kuliko wenzake ndiye anayeitwa kwanza. Mtu anajifunza kujieleza kwa upungufu wake. Mwanzoni anafanya hivyo mbele ya meza ya mwandishi tu, apate sabuni na turubai, na hatumlaumu, watoto lazima walale pakavu. Lakini ukisema maneno yaleyale mara ishirini, kwenye meza ishirini, yanakufuata nyumbani. Mama yetu wa Oicha hakubuni jibu lake. Alitusomea fishi yetu.

Hatusemi maswali ya hasara yaondolewe. Waliouawa lazima waandikwe, na nyumba zilizochomwa pia. Wafadhili wanaotaka kujua shida iko wapi wana haki. Tumeongeza sehemu ya pili, nusu ukurasa: familia hii inajua kazi gani, nani ndani yake anaweza kufundisha wengine, mwaka ule wa kukimbia waliishije, nani aliwaongoza njiani. Swali hili la mwisho limetushangaza. Katika familia za kwanza tulizouliza, karibu kila moja iko na mtu aliyehesabu watoto gizani, aliyejua njia ya porini, aliyebadilisha kitenge kwa mihogo. Na karibu kila mmoja wao alikuwa hajawahi kuulizwa.

Tumeanza pia desturi ndogo kwenye mikutano. Mtu akisema yeye ni mtu wa bure, ama wa bahati mbaya, hatumpingi na hatumpigii makofi ya kumpoza. Tunamwomba ataje siku na jambo. Mara nyingi anataja jambo moja: deni ambalo hakulipa, mtoto aliyeacha shule, kikao alichonyamaza. Basi tunazungumza juu ya deni. Wengine imewasaidia, wengine wanakasirika, na kijana mmoja wa Butembo, dereva wa pikipiki, alituambia kwamba tunamchosha. Bado anakuja.

Mama yetu tulimrudia wiki ya tatu, nyumbani kwake, tukiwa na fishi mpya. Sehemu ya kwanza alijibu haraka, kama mtu anayesoma sala. Sehemu ya pili alikaa kimya, akaendelea kuchambua sombe, kisha akaanza kutaja: watu aliowakopesha mafuta wakati wa kambi, nani alilipa, nani bado, na kiasi gani. Alitaja majina kumi na saba bila kusimama. Binti yake aliyekuwa anaandika aliishiwa na karatasi.

Amekubali kushika sanduku kwa miezi 3 ya kujaribu. Ametoa sharti moja: liwe na kufuli mbili, na ufunguo wa pili ukae kwa mtu mwingine, asiye ndugu yake. Kufuli ya pili tumeshainunua.